Mpishi Aliyeacha Chumvi

Tulimwita Mpishi. Wanafunzi walimwita hivyo, walimu tulimwita hivyo, na hata Pasta akiwa mbele ya kanisa alisema, "Mpishi atuombee," na kila mtu akajua nani anasimama. Mke wake naye alimwita Mpishi, lakini yeye aliivuta silabi ya mwisho kidogo, kwa utani wa mtu na mumewe.

Nilifundisha Kiswahili katika shule ya bweni alikopika, mwendo mfupi kutoka soko la Tulia, na boma langu lilipakana na lake. Kati yetu palikuwa na ua wa minyaa tu. Kwa hiyo nilimjua kwa njia mbili: kwa chakula cha mchana shuleni, na kwa sauti na harufu zilizovuka ua jioni.

Ukiwauliza watu wa pale habari zake leo, wengi wataanza na matembezi. Kila asubuhi, kabla jua halijachoma, alitoka kwake akafuata barabara ya vumbi mpaka sokoni, akazunguka nyuma ya maduka ya nafaka, akarudi. Hakwenda kununua wala kuuza. Kwetu mtu mzima hatembei hivi hivi. Akionekana barabarani ana shughuli, na akiulizwa anakokwenda lazima awe na jibu. Mwanzoni alibeba mtungi mtupu wa plastiki ili aonekane anatafuta maji. Siku moja mama mmoja, kwa huruma, akaujaza kutoka kwa tangi lake na kumwambia aende salama. Mpishi akashukuru, akaubeba mtungi uliojaa njia nzima mpaka nyumbani, jasho likimtiririka, kwa sababu asingeweza kuyamwaga maji ya mtu mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo mtungi ukabaki nyumbani. Akiulizwa anakokwenda alijibu, "Natembeza moyo," bila tabasamu, kama mtu anayepeleka ng'ombe mtoni. Watu walimcheka. Halafu fundi wa baiskeli, ambaye presha yake ilikuwa juu, akaanza kumfuata, akina mama wa kwaya nao wakaingia, mpaka ikawa kawaida kuona kikundi kidogo kikipita asubuhi kikizungumza habari za mvua.

Lakini huyo ni Mpishi wa miaka ya mwisho. Yule niliyemkuta nilipohamia Tulia hangetembea hata hadi kwenye lango bila sababu.

Alikuwa mrefu, mabega yameinama kwa kuinamia sufuria za shule miaka mingi. Mikono yake haikuwa na vinyweleo. Moto ulikuwa umeviunguza. Alionja kila kitu kwa namna moja: tone la mchuzi kwenye kiganja, ulimi, kisha macho yanapanda juu kwenye masizi ya paa. Chakula kikikosa kitu alisema kinaomba. Hiki kinaomba nyanya, kile kinaomba moto. Mara nyingi kilichoombwa ni chumvi, na chumvi aliitia kwa mkono, akiichuruzisha kati ya vidole, kijiko hakukitaka. Mafuta nayo alitaka yaelee juu ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya wanafunzi, yaonekane. Aliniambia kwamba mtoto aliye mbali na mama yake akiona mafuta juu ya chakula anajua kuna mtu aliyemkumbuka.

Alikuwa mkali. Mwanafunzi akichezea foleni, sufuria iligongwa kwa mwiko mpaka walimu tukasikia kutoka ofisini. Ila mtoto akilala mgonjwa bwenini, uji ulimfikia, na aliyeupeleka ni Mpishi mwenyewe, akauweka kando ya kitanda na kuondoka kabla hajaambiwa asante. Shukrani zilimsumbua. Ukimwambia chakula ni kitamu, alikuuliza kwa nini basi umebakisha.

Kwenye harusi na matanga, kutoka Tulia mpaka Migwani, watu walitaka apike yeye. Nimewahi kusikia mwanamke akialikwa harusi na swali lake la kwanza likawa nani anapika.

Mke wake alikuwa mwembamba, mfupi, msusi wa vyondo, vikapu vya mkonge. Alikaa chini ya dirisha lao akisuka na kucheka peke yake na mambo aliyoyakumbuka. Ugonjwa wake ulianza kama uchovu. Akipanda kutoka mtoni alisimama katikati ya mlima, na ukimkuta alikwambia anatazama mbaazi kama zimeanza kutoa maua. Alitazama mbaazi msimu mzima, hata zilipokwisha kuvunwa. Mwishowe binti yao, Mutheu, aliyeolewa upande wa Tawa, alikuja akampeleka kliniki Migwani, Mpishi akiwafuata nyuma.

Waliambiwa kwamba alikuwa na presha ya muda mrefu ambayo hakuijua, na kwamba moyo ulikuwa umechoka kwa kuisukuma. Muuguzi alimweleza taratibu: dawa kila siku hata siku anayojisikia mzima, chumvi aiache, mafuta ya kuganda ayaache, matunda na mboga aongeze, alale mapema, na atembee kidogo kila asubuhi, polepole, pengine mpaka sokoni na kurudi, akichoka apumzike.

Jioni ile Mpishi alikuja uani akiwa amekasirika.

"Mwalimu, wamemwambia asile chumvi," alisema. "Hiyo si chakula. Hiyo ni adhabu."

Kuhusu kutembea alisema watu wakimwona mkewe akizunguka soko bila kikapu watafikiri amefukuzwa nyumbani.

Mkewe alitii. Dawa aliziweka dirishani alipokaa akisuka, ili asizisahau. Alijipikia kisufuria chake kidogo pembeni ya jiko la mumewe, kunde au ndengu zilizochemshwa tu, na hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa maana hakuweza kuzila. Alimeza mara mbili tatu, akasukuma sahani. Akakonda. Mpishi alikaa mbele yake akimwangalia, chakula chake mwenyewe kikipoa mapajani. Mtu aliyelisha shule nzima alikuwa na mke anayelala njaa ndani ya nyumba yake, na nadhani hakuna jambo lililowahi kumuumiza vile.

Kisha mambo yakabadilika. Alimwambia mkewe kwamba tangu siku hiyo atampikia yeye, kwamba amegundua namna ya kupika bila chumvi, kwa ndimu na dhania na vitunguu vingi. Mkewe akakubali. Sahani zikaanza kurudi tupu. Mwili ukarudi kidogo, kicheko kikarudi, na nilikisikia kutoka kwangu nikisahihisha insha. Nilimsifu Mpishi mbele ya walimu wenzangu, wakampigia makofi. Alijibu kwamba mpishi asiyeweza kumlisha mkewe si mpishi, akatoka.

Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka miguu ya mkewe ilivimba. Pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi, mito imepangwa mgongoni. Walimpeleka hospitalini Kitui mjini, akatibiwa akarudi, akapelekwa tena. Mara hiyo ya pili hakurudi. Alifariki mchana, Mpishi akiwa ametoka kumtafutia machungwa.

Kwetu mfiwa hapiki. Hukaa, watu wakamhudumia. Lakini siku ya mazishi Mpishi alivua koti, akakunja mikono ya shati na kuwaomba akina mama wa kanisa wamwachie jiko. Walimbembeleza, akakataa. Alipika wali na ndengu na nyama, chakula cha mji mzima, na alipika vizuri, harufu ilitufikia makaburini. Tulipoanza kula tukatazamana. Hakikuwa na chumvi hata chembe. Pasta, mtu mpole, alimwendea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba pengine amesahau, na kwamba hakuna atakayemlaumu.

"Sikusahau, Pasta," alisema. "Leo watu watakula hivyo."

Tukala hivyo. Wapo waliobakisha, na kwa mara ya kwanza hakuwauliza kwa nini. Tulisema ni uchungu wa msiba. Mutheu alikula amesimama karibu na sufuria, karibu na baba yake, akamaliza sahani yake.

Nilikuja kuelewa miezi kadhaa baadaye. Wauguzi walikuja uwanja wa kanisa kupima watu presha baada ya ibada, nami nikapimwa kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Yangu ilikuwa juu. Nilirudi nyumbani nimeogopa, na sijui nani alimwambia Mpishi, lakini Jumamosi iliyofuata alipita kwenye nafasi ya ua akiwa na ndengu kwenye bakuli, ndimu, dhania, tangawizi na kitunguu saumu. Hakuniuliza hali. Alisema, "Washa jiko."

Alinifundisha mchana kutwa. Vitunguu vikaangwe taratibu kwa mafuta kidogo mpaka vitoe utamu wao, nyanya zipondwe zikauke, kitunguu saumu kiingie mwisho kisiungue, ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa imeshuka. Nilionja nikashangaa. Nilimwambia ni tamu kweli, na kwamba sasa naelewa mkewe alikuwa akila nini siku zile alizorudisha mwili.

Aliweka mwiko chini.

"Sikumpikia hivi hata siku moja," alisema.

Akanieleza akiwa anatazama moto. Ile hadithi ya ndimu na dhania aliitunga. Alikuwa hajui kupika bila chumvi na hakutaka kujua. Aliona aibu hata kujaribu. Alichotaka ni mkewe ale. Kwa hiyo alitia chumvi, mwanzoni kidogo sana, na alipoona sahani imerudi tupu alitia kama zamani, akakamulia ndimu juu yake ili mkewe asiitambue. Kila jioni mkewe alimsifu kwa kujifunza. Na kule Kitui, daktari alipouliza kama mgonjwa anakula chumvi, yeye ndiye aliyejibu. Alisema hapana. Daktari akaamini, akaongeza dawa.

"Alikuwa anakula, Mwalimu," alisema. "Nilikuwa namwona anakula."

Nilimwambia nililoambiwa na muuguzi wa kliniki, kwamba moyo wa mama yule ulikuwa umeharibika kabla hajapimwa mara ya kwanza, na kwamba hakuna mtu anayeweza kusema ni kitu gani hasa kilichommaliza. Ilikuwa kweli. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeelezwa habari za mvua iliyonyesha mahali pengine. Kisha akaosha mwiko wangu, akaenda zake. Ndipo nilipojua ile njia ya asubuhi ilitoka wapi, mpaka sokoni na kurudi. Ilikuwa njia ya mkewe. Aliitembea kwa ajili yake, akiwa amechelewa.

Hakuchoka kufundisha baada ya hapo. Mwalimu mkuu alimruhusu apunguze chumvi na mafuta ya githeri, wanafunzi wakanung'unika muhula mmoja kisha wakazoea. Aliwaendea akina mama wa kanisa nyumba kwa nyumba, akafungua sufuria zao bila kuombwa, na yeyote mwingine angefukuzwa. Aliwagombeza wanaume walioacha dawa kwa sababu wanajisikia vizuri. Aliwaambia wasivute, wasikeshe, wasilale na hasira.

Hilo la hasira lilitufanya tutazamane, maana yeye na ndugu yake hawakuwa wamesemezana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba. Ndugu yule alipougua, Mpishi alimpikia kila siku, chakula kisicho na chumvi, kimefunikwa vizuri, na kukipeleka alinituma mimi. Nilimwambia aende mwenyewe. Alisema chakula kinajua njia.

Na kulikuwa na jingine lililonisumbua zaidi. Yeye mwenyewe hakupimwa. Wauguzi wakija kanisani alibeba viti, akapanga wazee mbele, akawashika mkono waliokuwa wakiogopa, kisha akaenda nyuma kuwachemshia wauguzi chai, na alikaa pale motoni mpaka walipofunga vifaa vyao. Nilimuuliza zaidi ya mara moja. "Mimi niko sawa, Mwalimu," alisema kila mara, kwa sauti ya kufunga mlango. Kwanza nilidhani ni kiburi cha wanaume wa kwetu. Siku hizi nadhani hakuona kwa nini alinde moyo wake, baada ya kushindwa kuulinda ule mwingine.

Alistaafu, na mwaka haukupita kabla hajaanguka asubuhi moja nyuma ya maduka ya nafaka. Fundi wa baiskeli alimdaka, wale wenzake wa matembezi wakamkalisha kivulini na kutafuta gari. Hakufa. Lakini aliambiwa yaleyale, karibu neno kwa neno, aliyoambiwa mkewe. Mutheu akaja akafunga nyumba yake, akamchukua kwake Tawa.

Nilikwenda kumwona likizo ya Aprili. Nyumba ya Mutheu iko juu kidogo ya soko la Tawa, na ana cherehani barazani anakoshonea sare za shule. Mpishi alikuwa kwenye kiti cha uani, miguu imeinuliwa juu ya kigoda. Ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa. Nywele zote zilikuwa nyeupe. Aliponiona aliuliza kama walimu wa Tulia bado wanakula wakichelewa, nikajua ni yeye.

Mutheu alituletea chakula, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na ndengu, akaweka sahani ya baba yake kwenye mapaja yake na kumwekea kijiko mkononi. Aliniambia, nusu akiniambia mimi na nusu akimwambia yeye, kwamba alipofika hapa alikuwa hali chakula kabisa, wakaogopa, lakini sasa anakula, Mungu ni mwema. Anapika kama walivyoambiwa, alisema, ndimu na dhania tu. Kisha akarudi barazani na cherehani ikaanza kulia.

Mpishi alichukua kijiko kimoja. Alitafuna polepole, na macho yakapanda juu, ingawa pale hapakuwa na paa, palikuwa na anga. Akaweka kijiko.

"Ametia chumvi," alisema.

Nilionja yangu. Ilikuwamo, si nyingi.

"Kila siku anatia," akasema. "Tangu juma la pili. Mimi nanyamaza. Nilifurahi, Mwalimu. Mtu kukudanganya hivyo ili ule." Alisubiri pumzi irudi. "Halafu juzi nikafikiri. Mimi nimeonja mara ya kwanza tu nikajua. Na mama yake, aliyekula mapishi ya mkono wangu tangu nimwoe?"

 Cherehani ilisimama kidogo kisha ikaendelea.

"Alijua," alisema. "Kila sahani. Alikuwa ananiambia nimejifunza, na alijua. Sijui kama hiyo ni nafuu ama ni mbaya zaidi. Nimeshindwa kujua."

Aliishika sahani mapajani kwa mikono miwili. Kisha akamwita Mutheu, kwa sauti ya zamani ya jikoni, na pumzi ikamkatikia katikati ya jina. Mutheu akaja mbio akifikiri kuna ubaya. Akamwambia aketi. Hapakuwa na kiti kingine, akaketi chini.

Alimweleza yote aliyonieleza mimi siku ile ya jiko langu. Hakujitetea. Alifika mpaka kwenye swali la daktari na jibu alilotoa. Mutheu alimsikiliza akiwa ameshika kipande cha kitambaa cha sare, akikikunja na kukikunjua. Alipomaliza, binti hakulia mara moja. Alisema tu kwamba siku ya mazishi alikuwa amejiuliza.

"Na wewe unatia," baba yake alisema.

"Ulikuwa huli, Baba."

"Najua. Mama yako pia alikuwa hali." Alimpa sahani. "Mimi nitakufa, leo ama kesho, kwa moyo huu ama kwa kitu kingine. Lakini sitaki ubaki unahesabu chumvi kama mimi. Nenda unipikie isiyo na kitu. Mwalimu atakaa na mimi."

Hapo ndipo Mutheu alipolia. Alijifuta kwa kile kitambaa, akaingia jikoni. Tulisubiri. Mpishi hakutoa maelekezo yoyote, ingawa tulisikia harufu ya vitunguu vikiungua na nikaona mkono wake ukisogea juu ya goti kana kwamba umeshika mwiko. Aliniuliza dawa zangu nazimeza saa ngapi. Nilimwambia. Akasema vizuri.

Sahani ilipokuja alianza kula. Ilikuwa kazi. Alimeza kijiko, akapumzika, akashika kingine, jasho likimtoka juu ya mdomo, na hakuna aliyemhimiza wala kumzuia. Jua lilihama kutoka miguuni pake mpaka ukutani. Mutheu alikuwa amesimama palepale, mikono imeshikana mbele, macho hayaondoki kwenye kijiko. Mpishi aliendelea mpaka akakwangua sahani, akaikwangua tena, kisha akamrudishia ikiwa tupu.

"Ni tamu, Baba?" Mutheu aliuliza.

"Si tamu," alisema. "Kesho pika hivyo hivyo."